Shangazi, mji mzima unamlilia bibi yangu, mimi hata chozi sina

*Shikamoo Shangazi. Bibi yangu mzaa mama amefariki wiki tatu zilizopita Muheza, miaka 80. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kuanzia 1964 mpaka 2005, yaani pale mjini kuanzia wauza machungwa wa stendi mpaka mchungaji aliyemzika, wote kawafundisha yeye. Mimi kanilea tangu nina miaka minne. Msibani watu wamelia mpaka wengine wanabebwa, mimi nilikuwa napanga viti tu. Sasa wanafunzi wake wa zamani wamefungua grupu, wanachanga wajengee kaburi, wamechapisha fulana zenye picha yake na wameshapitisha kwamba kwenye kaburi iandikwe MAMA WA WOTE. Mjomba kanipa mimi nisome historia ya marehemu siku ya arobaini, dakika kumi, eti ndo msomi wa familia. Shangazi sina cha kuandika. Huyo wanayemsema simjui, wao wanasema alikuwa anawabembeleza, anawapa uji, mimi nakumbuka fimbo ya mpera na "hapa mimi sio bibi yako, mimi ni mwalimu". Juzi nimefungua tranka lake nikakuta kaunta buku limejaa majina ya watoto wa miaka na miaka, mbele ya kila jina kaandika neno: hajala, macho, sare, baba mlevi. Kuna mpaka niliosoma nao darasa la tatu 1998. Nimelipitia mara mbili natafuta jina langu. Halipo. Halafu kuna mzee mmoja msibani alisimama akasema huyu mwalimu alinichapa miaka miwili kisa naandika kwa mkono wa kushoto, watu wakamkalisha chini, mimi nilitamani nimfuate nikae nae. Na la mwisho, mwezi wa tatu bibi aliniomba miwani nikamwambia nitatuma. Sikutuma. Nifanyeje?*

*Mjukuu, Mbagala*

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma asubuhi nikaiacha, nikaenda sokoni, nikarudi nikaisoma tena, mana mambo uliyoyaweka humo ni mengi na umeyapanga kama yote yana uzito mmoja, kumbe hayana.

La machozi nalimaliza haraka. Msiba wowote lazima awepo wa kupanga viti na wa kuhesabu sahani na wa kukimbizana na mwenye turubai, na mara nyingi anakuwa yule wa karibu kabisa, kwa sababu wale wengine wakishalia wanapanda gari wanaondoka, yeye ndo anabaki na nyumba. Chozi lako lipo. Litakuja siku unanunua chaki za mtoto dukani au umesikia mtu anapiga kengele ya rimu la lori, na litakukuta huna hata leso. Liache lilipo.

Sasa tuje kwenye wivu. Maana wewe hujaliandika hilo neno ila barua nzima linanuka wivu, na wala sikulaumu, mimi mwenyewe ni mtoto wa mwalimu. Baba yangu alifundisha Tanga mjini na mimi nilikaa darasani kwake mwaka mzima, akiita mahudhurio ananiita majina yangu matatu yote kama vile ndo kwanza ananiona, na siku nimekosea hesabu za kichwa mbele ya wenzangu alinichapa viboko viwili pale wengine walikula kimoja. Jioni nyumbani hakusema kitu. Mama alinifafanulia miaka mingi baadae kwamba baba aliogopa wasiseme anampendelea bintie, kwa hiyo alinipendelea kwa upande wa pili. Nilikasirika nae mpaka nikazaa.

Nikwambie kitu ambacho watoto wa walimu wote tunakijua ila hatukisemi. Mwalimu ana subira yake ya siku, kama mtungi wa maji. Asubuhi umejaa. Wanakuja watoto sitini, themanini, huyu kajikojolea, huyu hana kalamu, huyu kaja bila kuoga kwa sababu mama yake anaumwa, kila mmoja anachota kata yake. Mpaka saa tisa mtungi umebaki na ile takataka ya chini, na hapo ndo mwalimu anarudi nyumbani kwenu. Wenzako kwenye grupu hawaongopi hata kidogo, kweli walibembelezwa. Walikunywa maji ya asubuhi. Wewe ulikuwa mtoto wa saa kumi jioni.

Lakini hebu fikiri, nani mwingine katika Muheza yote anamjua mwalimu wa saa kumi jioni? Nani alimuona anavua viatu anaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi? Nani alikaa sakafuni akimsikiliza anasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, vyema vyema kosa vyema, kalamu nyekundu inakwaruza mpaka wewe unapitiwa na usingizi? Chaki kwenye mikunjo ya vidole hata akikupakulia bada na kisamvu. Andalio la somo la kesho linaandikwa saa nne usiku wakati somo lenyewe amelifundisha miaka thelathini na analijua kwa kichwa, ila anaandika, mana mkaguzi anaweza kuja. Hivyo vitu grupu lote hawana. Wana picha na fulana. Dakika kumi zako zijaze na hivyo, na kama nimebahatisha vibaya na bibi yako alikuwa anaweka miguu kwenye ndoo na sio beseni basi andika ndoo, mimi nakupa njia tu, vitu unavyo wewe.

Mjomba wako atataka ile historia ya marehemu tunayoijua wote. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, alipelekwa hospitali ambako umauti ulimkuta, ameacha watoto kadhaa wajukuu kadhaa vitukuu kadhaa, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mpe hiyo. Isome dakika mbili mwanzoni usibishane nae, wazee wanaihitaji, ni kama kufunga mzigo kamba kabla haujapakiwa. Zinabaki nane.

Na kwenye hizo nane usiruke miaka, manake wewe umezitaja 1964 na 2005 kama namba za basi. Binti wa miaka 19 anaanza kazi 1964, uhuru una miaka mitatu tu. 1967 inakuja Elimu ya Kujitegemea, shule inakuwa na shamba, mwalimu anashika chaki asubuhi na jembe mchana. 1970 Mwalimu Nyerere kaufanya mwaka wa elimu ya watu wazima, na usidhani ile kazi waliletewa watu wengine, walimu hao hao wa watoto ndo walirudi darasani jioni kufundisha wazazi wa watoto, kisomo, ngumbaru kama tulivyokuwa tunasema kwa utani. Alafu Azimio la Musoma, 1974, kwamba kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawatoshi, kwa hiyo vijana waliotoka kumaliza la saba wakachukuliwa wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na waliopita chuoni kama bibi yako ndo waliwashika mkono wale vijana. Huo mpango wa elimu ya msingi kwa wote ndo uliitwa UPE, na watu waliwacheka sana walimu wa UPE. Waulize hao walioshikwa mkono kama bibi yako aliwacheka.

Kisha miaka ya themanini ambayo sisi wa umri wangu hatutaki hata kuikumbuka. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, chaki inakatwa vipande vitatu, ubao unapakwa weusi wa mabetri ya redio yaliyokufa na majani yaliyopondwa, mshahara unachelewa mpaka mwalimu anauza maandazi kwa wanafunzi wake mwenyewe wakati wa mapumziko. Wengi waliacha kazi, wakaenda kwenye biashara, na wala siwasemi vibaya. Yeye hakuacha. Kwanini hakuacha mimi sijui, ila mama yako na wajomba zako walikuwa watoto wakubwa miaka ile, wakae chini wakwambie walikuwa wanakula nini. Halafu karibu na mwisho, 2001 ada ya shule za msingi ikafutwa, 2002 MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, imeanza, watoto wakamiminika tena kama enzi za UPE, na bibi yako ana miaka 57 na magoti mabovu na mbele yake darasa limejaa mpaka mlangoni. Hiyo nayo iseme.

Nakuomba siku mbili kabla ya arobaini usikae ndani na laptopu. Nenda kawatafute mabibi waliosoma ngumbaru, watakuwa wachache sasa lakini wapo, Muheza na vijiji vya njia ya Magila huko wanajuana. Usiwaulize "bibi yangu alikuwa mtu wa namna gani", watakwambia alikuwa mtu mzuri, na utarudi mikono mitupu. Waulize siku ya kwanza walipoandika jina lao badala ya kuweka dole gumba, walikuwa wapi, waliandika kwenye karatasi gani, nani alikuwa anaangalia. Mtu mzima hasahau siku hiyo. Ukipata moja tu inakutosha.

Sasa kaunta buku. Hapa mwanangu umenisikitisha kidogo, msomi mzima unashindwa kusoma. Hebu angalia maneno uliyoniandikia wewe mwenyewe. Hajala. Macho. Sare. Baba mlevi. Hiyo orodha ni ya watoto wenye pengo, kila jina na pengo lake, ili mwalimu asubuhi asisahau nani akae mbele ya ubao na nani apewe uji kabla ya hesabu. Wewe asubuhi ulikuwa umekunywa chai ya nani? Sare yako kafua nani? Ulitaka aandike nini mbele ya jina lako? Sikwambii kwamba kutokuwepo mle ni dalili ya mapenzi makubwa, hayo ni maneno ya kwenye kadi, labda kuna miaka ulikuwa na pengo lako na hakuliona kwa sababu ulikuwa karibu mno. Mtoto anayelelewa na bibi tangu miaka minne ana lake moyoni, na mwalimu anayeona macho ya watoto themanini anaweza asiyaone ya aliyelala nae chumba kimoja. Hilo linauma na una haki nalo. Ila usiseme alikusahau. Mtu haandiki kwenye daftari kitu ambacho kiko mezani kwake kila jioni.

Yule mzee wa mkono wa kushoto. Mfuate. Usingoje arobaini, mfuate wiki hii hii, na usiende kumuomba msamaha kwa niaba ya marehemu kwa sababu hajakutuma, nenda kamsikilize, umwambie "nilikusikia na mimi alinichapa". Enzi zile kuandika kwa kushoto lilikuwa ni kosa kweli, majumbani mkono wa kushoto haupokei chakula na wala hausalimii mtu, na shuleni ukakutana na fimbo, walimu wengi walifanya hivyo na waliona wanamsaidia mtoto asije kuchekwa ukubwani. Kueleza hivyo hakumfutii yule mzee miaka yake miwili. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza kama anakubali jambo lake litajwe, bila jina, na akikubali nalitaja sentensi moja kavu, kwamba walikuwepo aliowaumiza na mmoja wao alikuja kumzika. Wenye fulana watanuna. Na wanune. Watu waliokaa kwenye madawati yake miaka ile wanajua alikuwa anachapa, ukisimama ukasoma sifa tupu watakuwa wanakusikiliza huku wanatazamana, lakini ukitaja na fimbo, hata hayo mazuri watayaamini. Alafu tena yule mzee alifunga safari akaja, hakulazimishwa na mtu, hebu lipe uzito hilo.

Hiyo MAMA WA WOTE iache bwana. Najua inakukera, hata mimi imenikera kidogo nilivyoisoma, lakini wamechanga wao na saruji ni yao, na kama mtu alipewa uji na mwalimu siku ambayo kwao hakujapikwa kitu, wewe utamwambia nini kwamba sio mama yake? Omba kitu kimoja tu, juu ya hayo maneno liandikwe jina lake kamili na chini yake MWALIMU, 1964 – 2005, hata kabla ya mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Hiyo miaka 41 aliifanyia kazi, ile mingine alipewa tu. Sidhani kama grupu watakataa, na mjomba akisema makaburini haiandikwi hivyo mwambie Shangazi kasema.

Miwani. Hili nimeliacha mpaka huku kwa sababu nilikuwa sijui nikujibu nini na bado sijui vizuri. Hukutuma, na yeye kafa bila miwani, na hakuna namna ya kulizungusha hilo likawa jambo jingine. Wapo watakaokwambia alikuwa ameshasamehe, mimi simjui bibi yako sitakudanganya. Ninachojua, na nimeona kwa watu wengi wanaoniandikia hapa, ni kwamba kila mtu aliyezika mzazi ana miwani yake. Wangu ilikuwa redio. Baba alitaka redio ndogo ya betri asikilize taarifa ya habari kitandani, mimi nikasubiri mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukafika na nikanunua kiatu. Mpaka leo nikipita duka la redio natembea upande wa pili wa barabara, mtu mzima na mvi zangu.

Ila nakukataza kitu kimoja, hiyo miwani usiisome pale mbele. Najua utashawishika, ukianza kuandika usiku itakuja yenyewe na itakuwa ndo aya nzuri kuliko zote na watu watalia, na wewe utalia, lakini itakuwa siku yako badala ya siku yake, watu watatoka pale wanasema maskini yule kijana. Mwambie mama yako, au mama mdogo, jikoni, mkiwa mnachambua mchele. Utashangaa, nae ana ya kwake.

Na lile kaunta buku. Nimesoma barua yako mara ya tatu nikaogopa, manake wenzetu wa magrupu nawajua, ukilionesha tu mtu kashalipiga picha kurasa zote kazirusha, na mle ndani kuna "baba mlevi" ambae leo ni babu wa mtu, na "hajala" ambae leo ana duka la vifaa vya ujenzi na hajawahi kumwambia hata mkewe. Bibi yako aliwafichia siri zao kwenye tranka miaka yote hiyo. Lirudishe lilipokuwa, funguo ikae kwako, mjomba asipewe.

Ila kabla hujafunga, chukua karatasi uinakili kurasa moja, ya mwaka wowote, maneno tu bila majina. Siku ya arobaini ukimaliza yote uliyoandika, usiagane na watu, usishukuru kamati, isome hiyo karatasi polepole, kama mwalimu anayesoma imla, neno, unangoja waandike, neno. Hajala. Macho. Sare. Hajala. Viatu. Hajala. Walio mle watajijua. Ukifika mwisho wa ukurasa, kunja karatasi ukakae, na ukae karibu na yule mzee wa mkono wa kushoto kama atakuwa amekuja.